Kiuno cha mbeba magunia: uchambuzi wa kisa kimoja cha maumivu ya mgongo

Mwanamume wa miaka 41, mbeba magunia ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alifika kliniki ya mifupa akilalamikia kiuno kilichomsumbua kwa miezi mitano. Alikuwa ameshapita duka la dawa, zahanati, kwa mkandaji, na hospitali moja iliyompiga eksirei. Kila alikopita aliondoka na jina jipya la ugonjwa: uchovu wa kazi, UTI, figo, pingili kusagika, na mwishowe ngiri. Hakuna aliyeshangaa. Mtu aliyebeba mizigo tangu ujana akiumwa kiuno, sababu inaonekana iko wazi, na kwa kuwa ilionekana iko wazi, hakuna aliyeitafuta.

Mgonjwa huyu ni wa kufundishia. Nimemuunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wengi wa aina yake, hivyo msomaji asimtafute sokoni. Ugonjwa wenyewe, vipimo na tiba ni vile vile vinavyokutwa katika hospitali zetu.

Alivyoeleza mwenyewe

Maumivu yalianza taratibu. Hakuweza kutaja siku aliyoteguka wala gunia lililomshinda. Hilo lingetosha kumfanya anayemsikiliza asogeze kiti karibu, kwa sababu kiuno kilichoumizwa na kazi mara nyingi kina siku yake: mtu alijipinda, akasikia kitu kimevuta, akashindwa kunyooka. Hiki kilijijenga wiki baada ya wiki.

Mwanzoni vidonge vya maumivu vilimtuliza akaendelea kubeba. Mwezi wa pili zahanati ilimpima mkojo, ikamwambia ana UTI, ikampa antibiotiki za siku saba. Hakuwa anasikia maumivu wakati wa kukojoa, wala hakuwa na homa ya kutetemeka. Dozi ilipoisha bila nafuu, majirani wakasema ni figo. Akaacha chumvi na kuanza kunywa maji kwa wingi. Mwezi wa tatu mkandaji alimkandamiza kiuno kwa mafuta ya moto, na usiku ule hakulala. Mwezi wa nne akapigwa eksirei. Ripoti ilisema pingili zimeanza kusagika. Akachomwa sindano za diklofenaki, akanunua mkanda wa kiuno. Mwezi wa tano uvimbe ukatokeza kwenye kinena cha kulia, na hapo kila mtu akaona jibu limepatikana. Kwetu mwanamume mwenye maumivu ya kiuno na uvimbe wa kinena huambiwa ana ngiri kabla hajaketi. Alikuwa tayari ameandikiwa tarehe ya upasuaji.

Kliniki ya mifupa ilianza upya kwa maswali.

"Kaka, ukilala usiku kiuno kinapumzika?"

"Hapana, daktari. Usiku ndiyo kinazidi. Nikilala chali siwezi, lazima niukunje mguu huu."

Kuhusu homa alisema hana. Mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni, ndiye aliyesahihisha: kila jioni mwili wake unapata joto, na alfajiri shuka limelowa jasho. Walidhani ni malaria, wakapima mara mbili, haikuonekana. Suruali zake zote mkewe alikuwa amezipunguza kiunoni. Alikuwa na kilo 63 alipopimwa afya mwaka uliotangulia. Siku hiyo mizani ilisoma 54. Hakohoi. Hanywi maziwa mabichi wala hafugi. Hajawahi kuanguka. Swali la mwisho lilihusu watu aliokaa nao, na jibu lilikuwa kwamba mwenzake wa gheto, kabla hajahamia kwa mkewe, alikohoa muda mrefu, kisha akaanzishiwa dawa za kifua kikuu.

Kwa nini maswali hayo

Kiuno kina pingili tano kubwa, na kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani mto laini unaozitenganisha. Nyuma kuna maungio madogo, pembeni kuna misuli na kano, na katikati unapita mfereji wenye mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye haja kubwa. Uti wenyewe wa mishipa ya fahamu huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni kifurushi cha mizizi ya neva tu. Kila kimoja cha vitu hivi kinaweza kuuma, na kwa wagonjwa walio wengi sana haiwezekani kusema kwa uhakika ni kipi. Maumivu hayo madaktari huyaita yasiyo na chanzo mahususi. Ndiyo ya kawaida kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na wengi wao hawakuwa na jipu, saratani wala mfupa uliovunjika. Wengi wa walioumwa ghafla hupata nafuu ndani ya wiki chache wakiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi, bila picha yoyote. Kulala kitandani kwa siku nyingi huwachelewesha kupona.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayechunguza kiuno ni kutenganisha kundi hilo kubwa na wachache wanaoumwa kitu kingine. Kinachowatenganisha ni maelezo ya mgonjwa. Maumivu ya misuli na maungio hubadilika kwa mwendo: ukiinama yanazidi, ukipata mkao mzuri yanapungua. Maumivu yasiyojali mkao, yanayomwamsha mtu usiku, yanayoongezeka kwa miezi huku mwili ukikonda, yana tabia ya ugonjwa ulio ndani ya mfupa. Mgonjwa wetu alikuwa na dalili hizo zote kuanzia mwezi wa tatu, na hakuna sehemu katika daftari lake la kliniki ilipoandikwa kwamba aliulizwa.

UTI na figo vinastahili maneno zaidi, kwa sababu vimekula muda na fedha za watu wengi. Figo ziko juu kuliko wengi wanavyofikiri, zimefunikwa kwa sehemu na mbavu za mwisho. Figo iliyoambukizwa huuma ubavuni, upande mmoja kwa kawaida, pamoja na homa kali, kutetemeka, kutapika na mara nyingi maumivu ya mkojo. Jiwe linaposhuka huleta maumivu makali ya mawimbi, mtu anagaagaa hapati pa kutulia. Figo zinazofeli polepole kwa kawaida haziumi kabisa, na ndiyo hatari yake. Maumivu ya katikati ya kiuno yanayoendelea miezi mitano, bila dalili ya mkojo, si picha ya figo. Chembe chache za usaha kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili hazitoshi kueleza kiuno chake. Ninalisema hili kwa uzito: antibiotiki alizopewa hazikumtibu chochote, lakini zilimpa kila mtu, yeye akiwemo, sababu ya kungoja wiki nyingine.

Diski iliyochomoza nayo ilifikiriwa. Diski inapobana mzizi wa neva, maumivu ya mguuni hushinda ya kiunoni. Hushuka kwa mstari, hupita goti, hufika unyayoni au kwenye dole gumba, na kukohoa huyachochea. Yake yaliishia juu ya paja, kwa mbele. Angekuwa na miaka 65 na shida ya mkojo, saratani ya tezi dume iliyosambaa kwenye pingili ingepanda juu kabisa ya orodha, kwani hupenda sana mifupa ya kiuno na nyonga. Angekuwa mfugaji anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, bruselosi ingefuata mara moja. Nayo huleta homa za jioni, jasho na maumivu ya kiuno, na hudanganya hata waliozoea. Angekuwa kijana anayeamka amekakamaa na kulegea akianza kutembea, tungefikiria uvimbe wa maungio usiotokana na vijidudu. Ila kwa mtu wa makamo aliyekonda, anayetoka jasho usiku, aliyelala chumba kimoja na mgonjwa wa kifua kikuu, mwelekeo ulikuwa umeshajitokeza kabla hajapanda kitandani.

Alivyochunguzwa kwa mikono

Aliingia akitembea kwa hatua fupi, mgongo umenyooka kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Alipodondosha funguo hakuinama. Alichuchumaa kwa magoti, mkono mmoja umeshika paja, akaziokota mgongo ukiwa wima vile vile. Mtu hufanya hivyo anapolinda pingili inayouma.

Akiwa amevua shati, hapakuwa na kibyongo. Daktari alipopita kwa ngumi nyepesi, pingili moja moja, kutoka shingoni kushuka, hakushtuka mpaka alipofika sehemu ya juu ya kiuno. Hapo aliruka. Mkono uliporudi mara ya pili bila kumwambia, aliruka mahali pale pale. Misuli inayouma huuma eneo zima. Mfupa unaougua huonyesha nukta. Uchunguzi huo hautumii hata dakika mbili wala hauhitaji umeme.

Alilala chali, mguu ukainuliwa ukiwa umenyooka. Diski inayobana neva za chini ingeleta umeme wa maumivu kushuka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70. Hakupata. Alipolalia tumbo na paja likavutwa nyuma, alilia. Nguvu za vidole, vifundo na magoti zilikuwepo. Goti la kulia lilipogongwa kwa nyundo lilijibu kwa udhaifu kidogo kuliko la kushoto. Aliulizwa kuhusu mkojo na choo, na kuhusu ganzi sehemu anazokalia. Vyote vilikuwa sawa. Swali hilo haliachwi hata mgonjwa akiwa na aibu, kwa sababu anayeshindwa kukojoa au kufa ganzi sehemu za siri pamoja na maumivu ya kiuno anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Neva zikikaa zimebanwa huenda zisirudi.

Kisha kinena. Uvimbe ulikuwa laini, hauna joto, hauumi sana. Alipokohoa haukusukuma kidole. Alipolala haukurudi ndani, na ulikaa chini ya mkunjo wa kinena, si pale ngiri ya kawaida inapotokea. Hapa ndipo mguu aliokuwa akiukunja usiku ulipopata maelezo. Kuna msuli mnene unaoanzia pembeni mwa pingili za kiuno, unateremka ndani nyuma ya matumbo, unapita chini ya kinena na kujishika kwenye mfupa wa paja. Usaha unaotoka kwenye pingili huingia ndani ya ala ya msuli huo na kushuka nao, ukatokeza mbali kabisa na ulikoanzia. Msuli uliojaa usaha hauvumilii kunyooshwa, hivyo mgonjwa hulala amekunja paja. Kiuno, kinena na mguu vilikuwa kitu kimoja.

Laiti angefika kwenye kisu cha ngiri, daktari wa upasuaji angekutana na usaha.

Vipimo, na mpangilio wake

Mgonjwa alikuja akiwa amejiandaa kukopa fedha za MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, maana sokoni aliambiwa kipimo hicho "kinaona kila kitu". Ni kweli MRI huona mengi, na ndiyo tatizo lake ikitangulia maswali. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa. Dalili za diski kuchakaa zilikutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski zilizovimba kidogo zilikutwa kwa asilimia 30 ya vijana hao. Anayempiga picha kila mwenye kiuno kinachouma atawapa watu wengi wazima jina la ugonjwa, na wengine wataacha kazi kwa kuliogopa neno "kusagika". Picha inafaa inapokuwa na swali la kujibu.

Vilianza vya bei nafuu. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 10.4, chini ya kawaida. ESR, kipimo cha kasi ya chembe nyekundu kushuka ndani ya saa moja, ilikuwa milimita 96, wakati mwanamume wa umri wake kwa kawaida hazidi 15 au 20. ESR haitaji ugonjwa. Husema tu kwamba mwilini kuna jambo kubwa, na kwa kiuno cha mbeba mizigo hilo ndilo lililotafutwa. Figo zilikuwa nzima, mkojo safi. Kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Kinapimwa kwa kila anayeshukiwa TB, kwani huongeza hatari yake na hubadilisha mpango wa tiba. Kipimo cha bruselosi hakikuonyesha kitu. Eksirei ya kifua ilikuwa safi, na hilo lisimpumbaze mtu: wagonjwa wengi wa TB ya mgongo hawakohoi na mapafu yao yanaonekana mazima.

Eksirei ya zamani ya kiuno ilitolewa kwenye bahasha na kuwekwa kwenye mwanga. Ilikuwa imepigwa kutoka mbele tu. Picha ya kiuno isiyo na upande wa ubavuni ni nusu ya picha. Hata hivyo kuna sababu nyingine ya kutoitegemea: mfupa lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake, kiasi cha thuluthi hadi nusu, ndipo eksirei ionyeshe tundu. Ya mwezi wa nne huenda ingekuwa bado kimya. Mpya, iliyopigwa pande zote mbili, haikuwa kimya. Nafasi kati ya pingili ya pili na ya tatu ilikuwa imebana, na kingo zinazotazamana zilikuwa zimefifia, zimeliwa kwa mbele.

Mahali penyewe pana maana. Saratani iliyosambaa huanza mara nyingi ndani ya pingili na kuiacha diski. Maambukizi hupenda kingo mbili zinazotazamana, kwa sababu mshipa mmoja wa damu hugawa matawi kwa nusu ya chini ya pingili moja na nusu ya juu ya inayofuata. Kijidudu kilichosafiri kwa damu kutoka kwenye mapafu hushukia zote mbili. Bakteria wa usaha wa kawaida huila diski upesi na kumwangusha mgonjwa kwa homa kali ndani ya siku au wiki. Kijidudu cha TB, kile Robert Koch alichokitangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882, huenda polepole, na diski huvumilia kwa muda kabla ya kuporomoka. Pingili mbili zikiliwa vya kutosha upande wa mbele, mgongo huinama na kufanya kibyongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza kibyongo hicho pamoja na kupooza kwa miguu mwaka 1779, miaka zaidi ya mia moja kabla kijidudu hakijajulikana.

Ultrasaundi ya tumbo na kinena, inayopatikana hadi wilayani, ilionyesha mkusanyiko wa majimaji mazito ndani ya ule msuli wa kulia, ukiunganika na uvimbe wa kinena. Kwa kuongozwa na ultrasaundi hiyo hiyo, sindano ilivuta usaha wa rangi ya maziwa. Sampuli ilipelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu ndani ya saa mbili: kijidudu cha TB kimepatikana, ukinzani dhidi ya rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB, haujaonekana. Sehemu nyingine ilioteshwa maabara, na majibu ya kuotesha huchukua wiki kadhaa.

Ndipo MRI ikafanyika, sasa ikiwa na maswali mawili: je, kuna usaha unaobana neva, na je, kuna pingili nyingine zilizoathirika mbali na hizi? Ilijibu kwamba pingili ya pili na ya tatu ndizo zilizoharibika, kuna usaha kidogo mbele ya mfereji lakini neva zina nafasi, na sehemu nyingine za mgongo ni nzima.

Tiba na mambo yanayosubiriwa

Alianza dawa nne kwa miezi miwili, zifuatwe na mbili kwa miezi kumi, jumla mwaka mmoja, kwa kuwa mfupa hupona polepole kuliko pafu. Hazilipiwi. Uvimbe ulinyonywa tena mara moja kwa sindano. Hakufanyiwa upasuaji: miguu ina nguvu, mgongo haujainama, na majaribio yaliyofanywa Korea na Bulawayo (Zimbabwe) kuanzia miaka ya 1960 yalionyesha kwamba wagonjwa wengi wa aina hii hupona kwa dawa peke yake wakiwa wanatembea, bila kufungwa plasta wala kulazwa miezi. Mkanda aliubakiza kwa ajili ya kupunguza maumivu.

Kutokana na yale aliyopitia, muuguzi alitumia muda mrefu juu ya jambo moja. Rifampisini hufanya mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Mtu aliyeishi miezi akiogopa figo zake, akiuona mkojo huo bila kuambiwa, ataacha dawa siku ya tatu. Aliambiwa pia kwamba macho kuwa ya njano, kutapika mfululizo au kukataa chakula ni sababu ya kurudi mara moja, maana ini linaweza kukerwa na dawa hizi. Alipewa vitamini B6 kulinda neva. Mkewe na watoto waliitwa kuchunguzwa. TB iliyofungiwa kwenye mfupa haiambukizi kwa kuongea wala kulala pamoja, lakini nyumba yenye mgonjwa wa TB ya aina yoyote huulizwa kuhusu kikohozi, homa na kukonda.

Jasho la usiku liliisha ndani ya mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu uzito ulikuwa kilo 58, ESR imeshuka hadi 41, na analala chali. Kuinama bado kunamuuma, jambo linalotarajiwa. Wenzake sokoni wamempa kazi ya mizani, ya kupima na kuandika magunia, hadi kliniki itakaposema vinginevyo. Akianza kujikwaa, mguu ukilegea, au mkojo ukigoma kutoka, hatasubiri tarehe yake. Mwezi wa sita atapigwa tena eksirei kutoka ubavuni, na pembe ya pingili hizo mbili itapimwa na kulinganishwa na ya kwanza. Ikionekana zinaendelea kuinamiana, mazungumzo ya upasuaji yatafunguliwa upya.